Masoeur Aliyeonja Kazi

Kati ya Butembo na Beni sijui kazi ambayo Masoeur hakuiharibu. Aliharibu kazi ya gereji, akaharibu ya ulinzi, akaharibu ya kakao, na mwisho akaja kuharibu ya mkate, ambako ndiko mimi na yeye tulikojuana vizuri. Wala hakuna tajiri hata mmoja aliyethubutu kumfukuza. Utamfukuzaje masoeur, mtawa wa kanisa? Kitambaa kiko kichwani, msalaba uko kifuani, miwani imefungwa kwa uzi wa kushonea, na asubuhi amefika kazini kabla yako wewe mwenye kazi. Unamwangalia anamwaga mafuta ya gari chini, unameza mate, unasema, "Haina neno, Masoeur."

Jina lake silitaji kwa sababu hakuna aliyelitumia. Bamasoeur wamejaa Butembo, kila kilima kina wao, lakini ukisema Masoeur bila kuongeza kitu, watu walijua ni yule muuguzi wa kituo cha wagonjwa wa akili. Aliyekuwa na shaka aliuliza, "Ule wa kuharibu?" Ndiyo, huyo huyo.

Uharibifu wote ule ulitoka kwenye desturi moja ya kwetu. Mnande akikuletea kasiksi, ile pombe ya ndizi, hakuwekei kikombe mbele akageuka akaenda zake. Anakunywa kwanza yeye, wewe ukimwangalia. Ukiona hajaanguka, nawe unakunywa. Masoeur aliichukua desturi hiyo akaipeleka mahali ambapo wazee hawakuwahi kuifikisha. Mtu akipona pale kituoni, akawa tayari kutafutiwa kazi, Masoeur hakumpeleka moja kwa moja kwa tajiri. Alikwenda yeye kwanza, akaomba kuifanya ile kazi wiki nzima, bure, kwa mikono yake mwenyewe.

"Nitamupaje mutu kikombe chenye sijaonja?" alisema. "Pengine patron iko na sumu."

Sumu kwa lugha yake ilikuwa tajiri anayetukana mama za watu, au msimamizi mwenye mikono mirefu kwa wasichana, au kazi ambayo kelele zake zingemrudisha mtu hospitalini kabla ya Krismasi. Jioni alirudi kituoni ananuka grisi au mavi ya kuku, anakaa na mgonjwa wake, anampa habari zote. "Ule chef anapiga makelele asubuhi. Usimuogope. Akisha kunywa chai anakuwa mutu." Hizo habari zilikuwa dhahabu. Mtu aliingia kazini siku ya kwanza akijua choo kiko wapi, nani mwongo, na nani ana roho nzuri lakini uso wa kuchacha.

Shida ni kwamba kazi yenyewe hakuiweza. Kwenye gereji ya pale chini karibu na mto alitumwa kumwaga mafuta machafu ya jeep moja, akamwaga ya jeep ya jirani, ambayo ilikuwa imeletwa kuoshwa tu. Ilikuwa ya padre. Padre aliondoka nayo akiimba, na akafika mpaka kwenye kilima cha soko, ambako injini ilikauka.

Kwenye duka la mabati alionja ulinzi. Akavaa koti refu la sentinelle, akapewa firimbi na fimbo, akakaa mlangoni mchana kweupe wakati wenye duka wamekwenda kwenye kilio. Akaja kijana mmoja, akamsalimu kwa heshima, akamwomba amshikie ngazi kidogo. Masoeur akamshikia. Kijana akapanda juu, akaanza kufungua mabati ya paa, na Masoeur kule chini anamwambia aangalie asianguke. Majirani ndio waliopiga kelele. Mwenye duka alipomuuliza imekuwaje, Masoeur alijibu, "Alisema tafazali."

Na kakao? Kule Beni, kwenye depo moja, alipewa kazi ya kugeuza mbegu juani. Mbegu zilizokauka upande huu, mbichi upande ule. Masoeur akaona mbegu za kakao zinafaa sana kusalia rozari. Kila Salamu Maria alihamisha mbegu moja kutoka huku kwenda kule, na kila fungu lilipokwisha alizirudisha, lakini hakukumbuka amezitoa wapi. Alisali vizuri sana wiki ile. Waliichambua ile kakao mpaka macho yakawauma.

Sasa tega sikio. Katika kila mahali alipoharibu, mtu wake alipata kazi. Tajiri aliyekuwa amesema "kichaa kwangu hapana, ataniharibia" alikuwa ameshaona kuharibu ni nini, na aliyeharibu ni mtu mwenye akili zake timamu na viapo vya kanisa. Siku ya tatu au ya nne alikuwa anauliza kwa upole, "Masoeur, ule mutu wako ataanza lini?" Gereji ilichukua mtu. Duka la mabati lilichukua mtu. Depo ya kakao ilichukua wawili. Butembo nzima iligawanyika: wengine walisema anafanya kusudi, wengine walisema hapana, Mungu hakumpa mikono. Mimi nilikuwa upande wa kusudi. Nilibaki upande huo muda mrefu.

Kabla ya hapo, kituo kilikuwa na kazi ya namna nyingine: bitunga. Kila aliyepata nafuu alipewa miyaa, akafundishwa kusuka vikapu, akasuka. Stoo ilijaa vikapu mpaka mlango ukakataa kufungwa. Wageni walikuja, wakatikisa kichwa kwa huruma, wakachukua kimoja, wakaenda kukisahau nyumbani. Bitunga zilikuwepo Masoeur alipofika, na wakubwa wake walizipenda kwa sababu zilipigwa picha vizuri. Yeye hakuzipenda hata siku moja.

"Butembo muzima haina bitu bya kutia mu hizi bitunga," alisema. "Na kikiharibika kimoja, nani anamukaripia mwenye alisuka? Hakuna. Banamuambia bravo. Mutu mwenye hakaripiwake haiko ku kazi, iko ku catéchisme."

Kukaripiwa lilikuwa jambo kubwa kwake. Ukishapata kazi, alikuja kukuchungulia. Haingii ndani. Anasimama nje kwenye dirisha, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, anakutazama. Ukitoka anakuuliza, "Banakukaripiaka?" Ukisema ndiyo, anafurahi, anaondoka. Ukisema hapana, wananisifu tu, uso unabadilika. Alimfuata fundi mbao mmoja mpaka kwenye karakana yake akamwambia, mbele ya wateja, kwamba anamdharau mtu wake kwa kumwonea huruma. Fundi mbao yule alianza kukaripia siku ile ile, kwa kujilazimisha, maana alikuwa mtu mpole, na kijana wetu akaja kituoni jioni anacheka kwa furaha kwamba ameitwa mvivu.

Adui yake mwingine alikuwa kiti, na hapa ndipo ninapoingia mimi.

Mimi ni Kavira, kwetu ni Masereka, kwenye vitunguu na viazi. Nilikuwa naishi Butembo kwa kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, wakati nilipoanza kusikia sauti. Zilinisema kwa Kinande safi, tena cha Masereka, na mambo zilizoyasema yalikuwa mabaya. Nililazwa, nilitibiwa, nikapona. Nikarudi nyumbani. Yaya, ambaye ananipenda na nitamgombeza mpaka kufa kwa ajili hiyo, alikuwa amekwenda sokoni kuninunulia kiti cha plastiki cha bluu, chenye mikono, kama vile vya harusini. Akakiweka uani karibu na jiko.

"Kaa tu, Kavira. Pumuzika."

Nikakaa. Nikashika ufagio, wifi akaunyakua: pumuzika. Nikataka kumenya viazi, nikakuta visu vimefichwa. Walivificha vizuri mno, mpaka wao wenyewe wakavikosa, na kuna siku tulikula viazi na maganda yake, familia nzima. Wageni walipokuja walimsalimu kila mtu, halafu wakamuuliza yaya, mimi nikisikia, "Na huyu anaendeleaje?" Dawa nilikuwa nameza. Sauti zilikuwa zimenyamaza. Kichwa changu kilikuwa kizima kabisa, kizima kiasi cha kuona wazi kwamba mimi pale uani si kitu. Nilitaka jambo moja tu katika dunia hii, kuondoka kwenye kile kiti. Nililia juu ya hilo, nasema ukweli, na nikaambiwa nipumzike.

Masoeur alipokuja kunitembelea hakukaa. Hakukaa kwenye kiti popote nilipowahi kumwona. Hata kanisani alisimama nyuma kama mtu anayengoja basi. Alikizunguka kile kiti cha bluu mara moja, akakigonga kwa kidole.

"Hii njo nini?"

"Tunamulinda, Masoeur," yaya akasema.

"Munamulinda na nini? Na viazi?"

Yaya akaanza kueleza habari ya mishipa ya kichwa. Masoeur akamkata.

"Muko bandugu bazuri, mais muko bajinga. Mumemufanya mugeni mu nyumba yake. Na mugeni ni siku mbili, ya tatu unamupatia jembe. Depuis lini huyu iko mugeni hapa? Jembe iko wapi? Dawa inamutoa mutu ku kichaa," Masoeur akamalizia. "Kazi njo inamutoa ku kiti."

Kazi aliyoniwazia ilikuwa Beni, kwa Hadji, mfanyabiashara Mwislamu mwenye malori mawili na tanuri la mikate. Yaya akashika kichwa. Beni kuna joto, Beni kuna vita, Beni kuna wanajeshi kila kona. Masoeur akamwambia kwamba hata kwenye kiti kuna vita, ila havisikiki. Halafu akateremka Beni kwenda kuonja.

Sasa, ilikuwa Ramadhani. Kwa sababu ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka usiku, Hadji alikuwa ameacha kuoka usiku. Tanuri liliwashwa baada ya sala ya alfajiri na mikate ya sukari ilitoka alasiri, tayari kwa futari. Waokaji wote walikuwa wamefunga. Hadji ni mtu mkali wa dini yake, na hakutaka mtu aliyefunga atie hata chembe ya unga mdomoni, kwa hiyo mwezi mzima walioka kwa macho na kwa dua. Alipomwona Masoeur alishukuru. Huyu ni Mkatoliki, anaweza kuonja.

Lakini alikuwa hamjui Masoeur. "Miye nitatafuna mbele ya bantu benye njaa?" alisema. "Nitakuwa mutu gani?" Akafunga. Kwaresima alikuwa ameshaifunga yake, sasa akafunga na ya jirani. Na siku ya pili, akiwa na njaa ya mtu asiyezoea, kwenye kona yenye magunia mawili meupe yanayofanana, alichukua gunia ambalo hakutakiwa kulichukua, na unga wote wa siku ile ulikandwa kwa chumvi mahali pa sukari.

Waliosimulia wanasema magharibi ile ilikuwa kimya sana mtaani. Adhana ikalia, watu wakafungua kwa maji, wakafungua kwa tende, wakauma mkate wa Hadji. Hakuna aliyetema, kwa heshima ya mwezi. Mama yake Hadji aliutafuna, akaumeza, akaomba dua ndefu kuliko kawaida yake, kisha akamwita mwanawe.

Asubuhi Hadji alimkuta Masoeur ameshafika, amefunga aproni, anafagia.

"Masoeur, ule mugonjwa wako anakuya lini?"

"Wiki haiyaisha, Hadji. Niko naonja bado."

"Anaweza kukuya leo?"

"Hauniulize ugonjwa yake ni ya namna gani?"

"Hapana. Anajua sukari?"

"Anajua."

Lakini Hadji ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hawezi kuacha kuuliza. "Na akiharibu?"

"Ataharibu, Hadji," Masoeur akasema. "Halafu kesho atarudia."

Nikateremka Beni. Masoeur alikuwa na sheria moja: habari ya ugonjwa wako unaisema wewe, kwa mdomo wako, maana mdomo ni wako. Nikasimama mbele ya Hadji, nikasema yote kwa pumzi moja.

"Hadji, miye nilikuwa mugonjwa ya kichwa. Nimepona, mais ninameza dawa, na dawa yenyewe haitake tumbo tupu, lazima nikule muchana."

Hadji akainua uso. "Unakula muchana?"

"Lazima, Hadji."

"Uko Mukristo?"

"Mukatoliki."

"Alhamdulillah," Hadji akasema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Kazi yangu ya kwanza baada ya kiti ilikuwa kula. Kila unga ulipokandwa, wanaume wote wa tanuri walisimama wakanitazama, nami nikachukua kidogo, nikaweka ulimini. Sukari bado. Chumvi inatosha. Hamira imezidi. Ule ugonjwa uliofichiwa visu kwetu, kwa Hadji ulikuwa diploma. Ramadhani ilipokwisha walikuwa wamenizoea, na nilikuwa nimejifunza kukanda, na Hadji alikuwa amenikaripia kwa sababu ya hamira mbele ya kila mtu. Masoeur alisikia habari hiyo akiwa nje ya dirisha. Alitabasamu kwenye mkoba wake.

Usifikiri alikuwa mtakatifu. Alikuwa na mambo yake. Alitukataza uongo, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mwanajeshi kwenye barrière ya barabarani kwamba yeye ni dada wa damu wa kolonele. Alituhimiza tusiogope matibabu, lakini sindano yeye aliiogopa. Mwaka wa chanjo alijifungia chooni, na daktari akambembeleza kupitia mlango kwa maneno yale yale aliyotumia Masoeur kutuhimiza sisi. Kushukuru hakujua. Ukimletea ndizi anaitazama, anakuuliza umekosa kazi ya kufanya? Kisha anaila yote, na ganda anakupa wewe.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikulisahau. Baada ya muda niliacha dawa. Nilijiona mzima, na mtu mzima anameza dawa ya nini? Siku moja unga ukaanza kulalamika. Nilikuwa naupiga kwenye meza, nao unalia kwa Kinande kwamba unaumia, basi nikaukumbatia, nikakataza mtu yeyote asiuguse. Hadji hakupiga kelele. Alimwita dereva wa lori, akaniweka mbele kwenye kabini pamoja na mama yake, tukapanda Butembo mimi nikiwa bado nimebeba ule unga.

Pale kitandani, kichwa kilipoanza kutulia, sikuogopa ugonjwa. Niliogopa nafasi yangu. Beni imejaa watu waliokimbia vijiji vyao wakitafuta kazi yoyote. Nafasi ya tanuri haikai tupu. Na kwa yaya kile kiti cha bluu kilikuwa bado kipo, nilijua, kimefutwa vumbi. Nikamuuliza Masoeur, nikilia.

"Nafasi yako haiko tupu," akasema. "Miye njo nitaikalia. Kesho niko nateremuka Beni."

Naam. Alikwenda kunishikia nafasi. Hadji akatuma kuku hospitalini. Wiki iliyofuata akatuma asali. Iliyofuata akaja mwenyewe juu ya lori, ana vumbi mpaka kwenye kofia, akamkamata daktari kwenye korido.

"Docta, ule mutoto wangu wa mikate anapona?"

"Anapona, Hadji. Pole pole."

"Haiwezi kuwa mbiyo kidogo?" Akapunguza sauti. "Masoeur iko kwangu."

Sijui kama kuna mgonjwa wa akili mwingine Kivu nzima aliyeombewa kupona namna ile, misikitini na makanisani. Niliporudi, Masoeur alivua aproni, akanifunga kiunoni bado ina joto lake, na akaondoka bila kwaheri. Hadji alisema karibu, akafuta macho, akasema ni unga. Sijaacha dawa tena.

Miaka imepita. Hadji amezeeka, aliponunua tanuri jipya la umeme akaniachia lile la zamani, nikalipandisha Butembo, nikafungua duka langu. Ninaoka mikate ya sukari, na nina watu wawili waliotoka kituoni, ambao ninawakaripia kila siku kama inavyotakiwa. Mwezi uliopita nikabeba mikate nikaenda couvent, nyumba ya bamasoeur, kumsalimu Masoeur, maana nilisikia amestaafu na kichwa chake kimeanza kusahau.

Nilimkuta barazani, karibu na tangi la maji. Amekaa kwenye kiti cha plastiki. Chenye mikono.

Masoeur mdogo mmoja alipita na ndoo, akaniambia kwa upole, "Anapumuzika." Akamtengenezea Masoeur shali mabegani, akamnyang'anya ufagio mfupi aliokuwa ameuficha chini ya shali.

Nikapiga magoti mbele yake. Hakunijua jina. Aliniita Kahindo, akaniita Masika, akaacha. Akachukua mkono wangu akaunusa.

"Weye njo wa mikate."

"Ndiyo, Masoeur."

"Banakukaripiaka?"

"Sasa miye njo ninakaripia."

Akaonekana kuridhika. Nikaona saa imefika ya kuuliza lile ambalo Butembo nzima imebishania. "Masoeur, ile mukate ya Ramadhani kwa Hadji, na ile kakao, na ile jeep ya padri. Ulikuwa unaharibu makusudi, sivyo? Juu batuchukue siye?"

Alinitazama kupitia ile miwani ya uzi, ameudhika kweli.

"Niliharibu nini? Fasi yote balinipenda. Hadji alilia siku nilitoka."

Basi. Mungu hakumpa mikono, na hakumwambia. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye saruji, naye akacheka kwa sababu mimi ninacheka. Kisha akaacha. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama kwenye sikio langu.

"Unitafutie kazi," akasema. "Hapa banasema nipumuzike. Miye sikuchoka."

Kazi nyingi alizionja kabla yetu, lakini kiti hiki nilikionja mimi kabla yake, na ladha yake ninaijua.

Nikaenda kugonga kwa mkubwa wa couvent. Mère ni mwanamke mwema, mpya pale, ametoka mbali. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Mama Kavira, tunamupenda huyu. Njo maana tunamulinda. Anasahau ata saa ya misa. Kazi gani mutu atamupatia?"

"Ya mikate, Mère. Kwangu. Nitakuya kumuchukua asubuhi, nitamurudisha mbele ya chakula."

"Na akiharibu?"

"Ataharibu, Mère," nikasema. "Halafu kesho atarudia."

Mère hakujua maneno yale yametoka wapi. Akasema basi, tujaribu.

Siku ya kwanza nilimfunga aproni mwenyewe. Nikampa mabeseni mawili, la sukari na la chumvi, nikamwambia, "Onja kwanza, Masoeur." Akakataa kata kata. Alisema watu wana njaa, yeye atatafuna mbele yao? Haikuwa Ramadhani wala Kwaresima. Nikamwacha atie alichotaka kutia, nikakanda, nikaoka, na mteja wa kwanza, dereva wa pikipiki, aliuma pale pale mlangoni akasimama kutafuna.

"Mama Kavira, mukate inakuwa chumvi tupu. Nani alitengeneza hii?"

Nyuma yangu ufagio ukanyamaza. Nikageuka, na mbele ya wateja wote nikamkaripia Masoeur kwa sauti kubwa: chumvi na sukari si kitu kimoja, macho yake yako wapi, hapa ni kazini. Dereva wa pikipiki akavua kofia kwa aibu. Masoeur alinisikiliza mpaka mwisho, amesimama wima, uso unang'aa, kisha akarudi kufagia, na kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni, amefika kabla yangu.